Scharnhorst: Mwasisi wa Weledi Jeshini

Gerhard von Scharnhorst alizaliwa tarehe 12 Novemba 1755 katika kijiji cha Bordenau, kwenye dola ya Hanover, sehemu ya Ujerumani ya leo. Babake aliwahi kuwa askari wa cheo cha chini. Enzi hizo, uafisa katika majeshi mengi ya Ulaya ulikuwa milki ya makabaila. Nasaba ilitangulia ujuzi. Scharnhorst, asiyekuwa na nasaba ya kujivunia, alijihami kwa elimu. Alisomea shule ya kijeshi ya Wilhelmstein, kisha akawa mwalimu na mwandishi wa vitabu vya mafunzo ya maafisa.

Mwaka wa 1801 alijiunga na jeshi la Prussia, akawafundisha maafisa chipukizi mjini Berlin. Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwemo Carl von Clausewitz, aliyekuja kutajika kwa nadharia zake za vita. Hata hivyo, wakuu wa jeshi waliolewa sifa za ushindi wa zamani hawakuona haja ya mabadiliko. Waama, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tarehe 14 Oktoba 1806, majeshi ya Napoleon yaliwashinda vibaya huko Jena na Auerstedt.

Kutokana na fedheha hiyo, Scharnhorst aliteuliwa mwaka wa 1807 kuongoza tume ya kulipanga jeshi upya. Kanuni za Agosti 1808 zilifuta upendeleo wa nasaba: kigezo cha uafisa kikawa elimu wakati wa amani, na ushujaa na busara wakati wa vita. Aidha, adhabu ya kumpitisha askari kati ya safu za wenzake huku wakimchapa ilikomeshwa, kwani askari aliyedhalilishwa hawezi kutarajiwa kuilinda heshima ya taifa. Mwaka wa 1810, chuo kipya cha kijeshi kilifunguliwa Berlin.

Makabaila wengi walimpinga. Napoleon naye alishinikiza, na mwaka uo huo Scharnhorst akalazimika kuacha uongozi wa idara ya vita.

Tarehe 2 Mei 1813 alijeruhiwa mguuni katika mapigano ya Großgörschen. Badala ya kupumzika, alifunga safari kwenda kuishawishi Austria ijiunge na vita. Jeraha likamzidi, akafariki mjini Prague tarehe 28 Juni. Mwezi Oktoba, Prussia na washirika wake walimshinda Napoleon huko Leipzig. Scharnhorst hakuushuhudia ushindi huo, lakini jeshi aliloliunda upya lilikuwemo. Cheo ni dhamana, naye alidai kwamba dhamana hiyo isomewe.