Clive Sullivan: Aliyeingia mjini bila jina

Wahenga walinena kuwa jina jema hung'aa gizani. Mimi hujipatia riziki kwa kuchunguza maneno, na kwa miaka mingi nimewafundisha wanafunzi wangu kuhusu majina: yanavyozaliwa, yanavyosafiri na yanavyopoteza maana. Hata hivyo, somo kubwa zaidi juu ya majina sikulipata darasani. Nililipata ndani ya basi, nikielekea mji wa bandari wa Hull, kaskazini mashariki mwa Uingereza, na walimu wangu walikuwa wazee wawili mashabiki wa raga.

Wakati huo nilikuwa mwanafunzi wa uzamifu katika mji wa Leeds. Basi lilipopita chini ya daraja kubwa la Humber na kuanza kuukaribia mji, niliona kibao chenye jina la barabara: Clive Sullivan Way. Nikadhani kwamba huyo alikuwa diwani fulani, au jenerali wa vita vya zamani. Nikamwuliza mzee aliyeketi kando yangu, mwenye skafu nyeusi na nyeupe shingoni. Alinitazama kwa mshangao, kisha akaniambia kwa upole kuwa alitarajia mtu mweusi kama mimi, kuliko abiria mwingine yeyote, amjue mtu huyo. Naungama kwamba niliona haya. Mzee akaanza kunisimulia. Na mwenzake wa kiti cha mbele, aliyevaa skafu nyekundu na nyeupe, akageuka kumsahihisha kila alipokosea mwaka.

Ili msomaji aelewe uzito wa skafu hizo mbili, sharti kwanza nieleze mchezo wenyewe. Raga tuliyoizoea hapa Kenya ni ile ya wachezaji 15, au ya wachezaji saba kila upande. Kaskazini mwa Uingereza kuna ndugu yake, raga ya ligi, yenye wachezaji 13. Ndugu hawa walitengana mwaka wa 1895, katika hoteli moja mjini Huddersfield, pale vilabu vya kaskazini vilipotaka wachezaji wao, wengi wao wakiwa wafanyakazi wa migodi na viwanda, walipwe fidia ya ujira walioupoteza kwa kwenda kucheza. Wakuu wa mchezo walikataa. Tangu hapo, kwa takriban karne nzima, yeyote aliyecheza raga ya ligi alipigwa marufuku katika ile nyingine.

Hull ni mji wenye vilabu viwili vikuu vya raga ya ligi, na mto ndio mpaka wao. Upande wa magharibi, walikoishi wavuvi na jamaa zao, ni ngome ya Hull FC, wenye nyeusi na nyeupe. Upande wa mashariki ni himaya ya Hull Kingston Rovers, wenye nyekundu na nyeupe. Shabiki wetu wa Gor Mahia au wa AFC Leopards hahitaji kuelezwa zaidi.

Clive Sullivan hakuzaliwa upande wowote wa mto huo. Alizaliwa tarehe 9 Aprili 1943 katika mtaa wa Splott, mjini Cardiff, nchini Wales. Utotoni aliugua maungo. Akafanyiwa upasuaji mara kadhaa miguuni na mabegani, na ikahofiwa kuwa hangeweza kutembea vyema, sembuse kukimbia. Baada ya shule alifanya kazi za mikono, zikiwemo za ufundi wa magari na upakaji rangi, kisha akajiunga na jeshi. Jeshi ndilo lililompeleka kaskazini, na huko ndiko ilikodhihirika kuwa miguu ile iliyotiliwa shaka ilikuwa na mbio za swala.

Yafaa tukumbuke kuwa Wales ni nchi inayoienzi raga ya wachezaji 15 kama dini. Lakini hadi miaka ya 1980 timu yake ya taifa haikuwa imemchezesha mtu mweusi hata mmoja. Kwa hiyo vijana weusi wa mitaa iliyopakana na bandari ya Cardiff, mathalani Billy Boston aliyemtangulia Sullivan, walielekea kaskazini, walikopimwa kwa mbio zao na kulipwa kwa jasho lao. Haikuwa safari ya hiari kamili, kwani aliyevuka alijua kuwa mlango ulifungwa nyuma yake.

Klabu ya kwanza kumjaribu, Bradford Northern, haikumtaka. Mwishoni mwa mwaka wa 1961 Hull FC wakampa nafasi dhidi ya Bramley. Kwa desturi ya wachezaji wa majaribio, jina lake lilifichwa. Kijana huyo asiye na jina akafunga trai tatu, na mara akatiwa saini. Hapa ndipo yule mzee wa skafu nyeusi na nyeupe alipotua kidogo, akaniashiria kibao kingine cha barabara ile ile kilichokuwa kikipita dirishani. Nilielewa alichotaka nielewe: mtu aliyeingia katika mji huu bila jina, leo hii ndiye lango la mji wenyewe.

Kwa Hull FC alifunga trai 250, rekodi ya klabu hiyo. Akaitwa timu ya taifa ya Uingereza, na mwaka wa 1972 akapewa unahodha. Alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuongoza timu ya taifa ya Uingereza katika mchezo mkuu. Mizani ya jambo hilo ni hii: katika soka, timu ya taifa ya England haikumchezesha mtu mweusi katika kikosi chake kikuu hadi Viv Anderson mwaka wa 1978, na haikuwa na nahodha mweusi hadi Paul Ince mwaka wa 1993.

Tarehe 11 Novemba 1972, mjini Lyon, Ufaransa, Uingereza ilikutana na Australia katika fainali ya Kombe la Dunia. Uwanjani walikuwako watu elfu nne na ushei tu. Sullivan aliupata mpira katika nusu ya uwanja ya timu yake, akaukimbiza uwanja huo hadi akaufikisha upande wa pili, wapinzani wakimfuata bila kumfikia. Mechi ikaisha kwa sare ya 10-10 hata baada ya muda wa ziada. Na kwa kuwa Uingereza ilikuwa na matokeo bora katika mechi za awali, nahodha akalipokea kombe. Tangu siku hiyo Uingereza haijalitwaa tena.

Ajabu ya pili ilikuwa mwaka wa 1974, alipouvuka mto na kujiunga na Hull Kingston Rovers. Katika miji mingine mvukaji kama huyo huitwa msaliti hadi kaburini. Huko alifunga trai nyingine 118, na mwaka wa 1980 alikuwa miongoni mwa wachezaji wa Rovers walioishinda Hull FC 10-5 katika fainali ya Challenge Cup uwanjani Wembley, siku ambayo Hull nzima ilihamia London. Kisha akarejea Hull FC, na mwaka wa 1982, akiwa na umri wa miaka 39, akaichezea katika fainali ya marudiano ya kombe hilo hilo ilipoishinda Widnes. Wazee wale wawili walibishania takriban kila kitu nilichowauliza. Kuhusu Sullivan hawakubishania lolote ila tarehe.

Tarehe 8 Oktoba 1985 alifariki kwa maradhi ya saratani, akiwa na umri wa miaka 42. Muda mfupi baadaye, sehemu ya barabara kuu iingiayo mjini kutoka darajani ilipewa jina lake. Mwanawe, Anthony, akaja kuichezea Wales katika raga zote mbili. Mlango uliofungwa mbele ya baba ukamfungukia mwana. Cardiff, mji uliomzaa, ulikawia zaidi: sanamu yake, pamoja na ya Billy Boston na Gus Risman, ilizinduliwa huko mwaka wa 2023, miaka 38 baada ya kifo chake.

Je, hayo yanatuhusu nini? Kama mwanaisimu, najua kuwa jina likitumiwa kila siku huchakaa. Jina la barabara, kwa wengi, huwa ni njia ya kufikia kazini tu. Makondakta wa Nairobi huliita jina la Tom Mboya mchana kutwa, na nimewahi kuwa na wanafunzi ambao kwao jina hilo lilikuwa kituo cha matatu kabla ya kuwa mtu. Msemo wa Kadenge na mpira, uliotokana na utangazaji wa marehemu Leonard Mambo Mbotela, ungali midomoni mwa vijana waliozaliwa miaka mingi baada ya Joe Kadenge kuacha kusakata kabumbu; ni wangapi kati yao wawezao kutaja klabu aliyoichezea?

Kwa hiyo sikubaliani na wanaodhani kuwa tukishalibandika jina la shujaa ukutani tumemaliza deni. Kibao cha Hull hakikunifundisha chochote, nilikisoma nikakosea. Walionifundisha ni mashabiki wawili waliomwona mtu huyo akikimbia kwa macho yao, wasiochoka kumsimulia mgeni ndani ya basi. Jina ni chungu. Habari ndiyo maji. Chungu kitupu hakimwondolei mtu kiu.

Wale wazee wawili nadhani sasa wameshatangulia mbele ya haki, kwani umri wao ulikuwa umesonga hata wakati ule. Nami, nisiyepata kumwona Sullivan akicheza hata mara moja, nimejipa kazi ya kuyapokeza waliyonipa. Nawe msomaji, jioni ya leo utakapopita katika barabara yenye jina la mtu, mwulize mzee aliye karibu nawe alikuwa nani. Na ikiwa mzee mwenyewe ni wewe, usingoje kuulizwa.