Don Bosco: Mlezi aliyetanguliza urafiki mbele ya fimbo

Mjadala kuhusu nidhamu shuleni haujapata kukoma nchini mwetu. Tulilia mwaka 1991 wasichana 19 walipopoteza maisha katika vurugu za usiku mmoja katika shule ya St Kizito, Meru. Tukalia tena mwaka 2001, moto ulipowateketeza wavulana zaidi ya 60 bwenini Kyanguli, Machakos. Mwaka huo huo wa 2001 serikali ilipiga viboko marufuku shuleni, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikalitilia nguvu katazo hilo. Hata hivyo, wako walimu na wazazi wengi wanaoshikilia kwamba nidhamu ilizikwa siku ile fimbo ilipozikwa. Wengine husema kwamba tumaini lililobaki ni dini: vijana wahubiriwe, waombewe, nao watatengenea.

Mimi ni mwalimu wa isimu, wala si kasisi. Lakini nikiwa mtu anayewapokea vijana wakitoka shule za upili kila mwaka, naona kuwa katika mjadala huu tumelisahau jambo moja kubwa, nalo ni urafiki. Ndiposa leo nataka kusimulia maisha ya mtu aliyeishi na vijana wa mitaani kwa zaidi ya miaka 40, akawalea katika imani bila kutegemea fimbo. Huyu ni Giovanni Bosco, ambaye ulimwengu unamjua kwa jina la Don Bosco. Neno hilo la kwanza ni namna tu ambavyo Waitaliano humwita padri kwa heshima.

Alizaliwa tarehe 16 Agosti 1815 katika kitongoji cha Becchi, kaskazini mwa Italia, karibu na mji wa Torino. Baba yake, mkulima maskini, alifariki mwaka 1817, hata kabla mtoto hajatimiza miaka miwili. Mama yake, Margherita, hakujua kusoma wala kuandika, lakini alijua kulea. Kijana alikua akichunga ng'ombe na kulima. Kaka yake wa kambo aliona kuwa kusoma ni anasa isiyomfaa mtoto wa mkulima, na ugomvi wa nyumbani ukamfanya Giovanni aondoke kwenda kuwa kibarua katika shamba la watu wengine.

Tangu utotoni alikuwa na kipaji cha kuwakusanya wenzake. Alijifunza sarakasi na kiinimacho kutoka kwa watumbuizaji wa magulioni, akawa anatembea juu ya kamba mbele ya watoto wa kijiji. Kiingilio chake hakikuwa pesa. Kabla ya mchezo kuanza, watazamaji walipaswa kusali pamoja naye na kusikiliza mahubiri ya Jumapili, aliyoyarudia kwa kichwa. Ikumbukwe kwamba hapa ndipo palipochipuka njia yake yote ya baadaye: sala na mchezo havikuwa mahasimu machoni pake.

Mwaka 1831 alikwenda kusoma katika mji wa Chieri, akijilipia gharama kwa kufanya kazi za kila namna. Huko aliwakusanya wanafunzi wenzake katika chama walichokiita Chama cha Furaha. Masharti yake yalikuwa machache: kila mwanachama atimize wajibu wake wa shule na wa dini, na asifanye wala kusema lisilomfaa Mkristo. Humo mjini pia alimpata rafiki aliyembadilisha, Luigi Comollo. Bosco alikuwa na misuli na hasira. Comollo alikuwa dhaifu wa mwili na mpole kupindukia. Wanafunzi wakorofi walipomwonea Comollo, Bosco aliingia kati kwa mabavu. Comollo hakufurahia kutetewa hivyo. Alimwonya rafiki yake kwamba Mungu hakumpa nguvu ili awaumize wenzake. Walifuatana hadi seminari, na huko Comollo akafariki mwaka 1839. Kitabu cha kwanza ambacho Bosco alikichapisha, mwaka 1844, kilikuwa ni maisha ya rafiki huyo.

Natua kidogo hapa kwa sababu ya lugha. Neno letu rafiki limetoka katika Kiarabu, ambako humaanisha mwenzi, hasa mwenzi wa safari. Tunalo pia neno mwandani, lenye asili ya Kibantu, yaani mtu wa ndani. Urafiki wa Bosco na Comollo uliyabeba maana yote mawili. Kila mmoja alikuwa mwenzi wa mwingine katika njia ya imani, na kila mmoja aliruhusiwa kuingia ndani ya mwingine hata kumkosoa. Mwenye nguvu alifundishwa na mnyonge. Yule ambaye baadaye angewakataza walimu wake kupiga, alijifunza kwanza kuizuia mikono yake mwenyewe.

Bosco alipewa upadri tarehe 5 Juni 1841. Mlezi wake mjini Torino, padri Giuseppe Cafasso, alimpeleka magerezani, na huko aliwaona vijana wadogo wamefungwa pamoja na wahalifu sugu. Kilichomchoma moyo zaidi ni kwamba wengi waliofunguliwa walirudi humo baada ya muda mfupi. Alitafuta sababu, akaiona: walipotoka nje, hawakuwa na mtu. Torino wakati huo ilikuwa ikipanuka, na watoto wa mashambani walimiminika mjini kutafuta vibarua vya uashi na kufagia mabomba ya moshi. Walilala popote na kula chochote.

Kama alivyosimulia mwenyewe katika kumbukumbu zake, kazi yake ilianza tarehe 8 Desemba 1841. Kijana mmoja yatima, Bartolomeo Garelli, alijikuta katika sakristia ya kanisa, na mhudumu alipotambua kuwa hajui kutumikia Misa akampiga na kumfukuza. Don Bosco aliamuru kijana yule aitwe tena, akisema kuwa huyo ni rafiki yake, ingawa hakuwa amewahi kumwona. Akamwuliza habari zake: wazazi, umri, kusoma. Majibu yote yalikuwa ya kukatisha tamaa. Mwishowe akamwuliza kama anajua kupiga mbinja. Kijana akatabasamu. Somo la dini likafuata baada ya tabasamu hilo.

Garelli alirudi na wenzake, na wenzake wakaleta wengine. Walipofika mamia, hakuna mtaa uliotaka kelele zao, nao wakafukuzwa mahali pengi hadi Pasaka ya mwaka 1846, walipopata banda katika eneo la Valdocco. Miezi michache baadaye Don Bosco aliugua nusura afe, na vijana wale wa vibarua wakafunga na kusali kwa ajili yake. Alipopona alimwomba mama yake aje kumsaidia. Mama Margherita aliacha shamba, akauza vitu vyake vya arusi, akawapikia na kuwafulia yatima hadi alipofariki mwaka 1856.

Imani aliyowafundisha haikuishia katika sala. Mnamo mwaka 1851 na 1852 alianza kuwaandikia vijana mikataba ya kazi na waajiri wao. Tajiri alipaswa kumfundisha kijana ufundi, kumpa mapumziko siku za sikukuu, na kumrekebisha kwa maneno wala si kwa kipigo. Baadaye alifungua karakana zake mwenyewe za ushonaji, viatu, useremala na uchapaji. Kipindupindu kilipoingia Torino mwaka 1854, vijana wake walijitolea kuwahudumia wagonjwa.

Mwaka huo huo wa 1854 alimpokea mvulana aitwaye Domenico Savio, mwenye umri wa miaka 12. Savio alitaka kuwa mtakatifu, na akadhani njia ni kujitesa kwa njaa na baridi. Don Bosco alimkataza. Alimwelekeza awe mchangamfu, atimize wajibu wake darasani, na awasaidie wenzake. Savio aliyazingatia hayo. Mwaka 1856 yeye na rafiki zake waliunda kikundi kilichowatafuta wavulana wageni na wale watukutu ili kila mmoja apate mwenzi mwema. Savio alifariki mwezi Machi 1857, kabla ya kutimiza miaka 15. Rafiki zake waliobaki walikuwa miongoni mwa watu 18 walioanzisha Shirika la Wasalesiani tarehe 18 Desemba 1859. Zingatia jambo hili, ewe mwalimu: shirika lililoenea duniani, na ambalo hapa Nairobi linawalea vijana katika kituo cha Don Bosco Boys' Town, lilichipuka kutoka katika urafiki wa wanafunzi.

Mwaka 1877 Don Bosco aliandika kwa ufupi njia yake ya malezi. Iliegemea nguzo tatu: akili, dini, na neno la Kiitaliano ambalo halitafsiriki kwa urahisi. Upendo tu hautoshi. Ni upendo unaoonekana kwa yule anayependwa. Sarufi yetu inaweza kutusaidia hapa. Kupenda ni tendo la mlezi. Kupendwa ni jambo linalompata mtoto. Mlezi anaweza kupenda kwa dhati, na mtoto asijue kabisa kuwa anapendwa. Mnamo Mei 1884, akiwa Roma, Don Bosco aliwatumia watu wake waraka akilalamika kwamba katika nyumba yake mwenyewe ya Valdocco walimu walikuwa wameanza kukaa mbali na wanafunzi wakati wa michezo. Hofu ilikuwa imeingia mahali pa imani. Hata kwake, basi, urafiki ulikuwa kitu cha kutunzwa kila siku, la sivyo hupotea.

La hasha, sisemi kwamba hakuwa na dosari. Alikuwa mtu wa karne yake. Maandishi yake dhidi ya Waprotestanti yalikuwa makali, na leo twaweza kusema kuwa usimamizi wake uliwaachia vijana nafasi finyu ya faragha. Alifariki tarehe 31 Januari 1888, akatangazwa mtakatifu mwaka 1934.

Twarudi kwenye mabweni yetu. Wanaodai fimbo irudi wana hoja moja ya kweli: mtoto hawezi kuachwa bila mwongozo. Don Bosco angekubaliana nao. Lakini fimbo humfikia mtoto baada ya kosa, ilhali rafiki huwapo kabla ya kosa. Mwanafunzi anayepanga kuwasha moto usiku aghalabu wenzake hujua. Kinachokosekana ni mtu mzima mmoja anayeaminika kiasi cha kuambiwa. Vivyo hivyo, chama cha Wakristo shuleni kinachokutana kwa nyimbo na mahubiri, huku mwanafunzi mgeni akila peke yake, hakijaanza kazi yake.

Walimu wenzangu, najua madarasa yamejaa na mishahara haitoshi. Lakini nusu saa uwanjani haidai bajeti. Nanyi wanafunzi, msisubiri walimu. Savio na wenzake walikuwa na umri kama wenu, na wala hawakuomba idhini ya wizara ili kumtafuta mpweke aliyekaa peke yake.