Gregory, aliyelipa Bonde la Ufa jina lake

Naishi Shauri Moyo, Nairobi, lakini habari za John Walter Gregory zinaanzia kwetu Mombasa. Mwingereza huyu, mzaliwa wa London mwaka 1864, alitoka Mombasa mwaka 1893 na wapagazi wa pwani hadi Ziwa Baringo. Alieleza kuwa bonde lile halikuchimbwa na mto: ardhi ilipasuka, katikati ikadidimia. Akaliita Bonde Kuu la Ufa.

Mwaka 1932 alikufa maji mtoni Peru, akiichunguza milima ya Andes. Huko sakafu ya bahari huzama chini ya bara, hulikunja polepole, kisha bara hufyatuka kwa tetemeko. Hayo yalifahamika baada yake.

Wapwani wenzangu, mfyatuko kama huo Sumatra mwaka 2004 ulileta mawimbi hadi Malindi. Bahari ikikauka ghafla, kimbilieni juu.