Albert Claude, fundi wa chuma aliyefungua seli

Ku Longlier, kijiji kidogo cha Ubelgiji, Albert Claude alizaliwa mu nyumba ya mwokaji mikate, karibu na mwisho wa miaka ya 1800. Alikuwa angali mutoto wakati kansa ya titi ilimuua mama yake. Ugonjwa ule aliuona palepale nyumbani.

Masomo yake yalikatika mapema. Akaingia kazi ku kiwanda cha chuma, kwanza mwanagenzi, kisha mchoraji wa mapulani. Mu vita ya 1914 alijitolea kusaidia Waingereza mu kazi ya upelelezi. Kisha vita alitaka kusomea uganga, lakini dipulome hakuwa nayo. Akageukia masomo ya migodi, ndiyo, kazi yetu hii! Halafu serikali ikaruhusu askari wa zamani kuingia iniversite bila dipulome. Mu 1928 akatoka Liège ni munganga.

Mwaka uliofuata akavuka bahari mpaka New York, ku Taasisi ya Rockefeller, kutafuta kitu kinacholeta kansa fulani ya kuku. Mwili umejengwa na seli, ndogo sana, macho matupu hayazioni. Wakubwa wa wakati ule walijua kwamba ndani ya seli muna kiini na vitu vingine kidogo, lakini kazi ya vile vitu hawakuielewa muzuri. Claude akafanya nini? Akasaga nyama ya kansa, akaizungusha kwa nguvu mu mashini.

Ninyi wa migodi mutaelewa haraka. Anayesukula mawe mu mutoni anajua: kizito kinabaki chini, chepesi kinaenda na maji. Kwa Claude, mashini ikizunguka polepole, viini njo vilishuka kwanza. Akaongeza mwendo, mitokondria zikashuka. Hizo njo zinaipa seli nguvu ya kufanya kazi. Akaongeza tena sana, zikashuka punje ndogo kabisa. Nyuma ilijulikana kwamba mu zile punje muna mahali seli inatengenezea protini.

Lakini alikuwa mutu wa kuhakikisha. Akasaga pia nyama ya kuku muzima, asiye na kansa, na punje zilezile zikatoka! Kumbe nyingi hazikuwa ugonjwa: ni seli yenyewe. Wengine wangekata tamaa. Yeye akaanza kuchambua seli nzima, fungu kwa fungu. Mu 1945, pamoja na Keith Porter na Ernest Fullam, akatoa picha ya seli ya kifaranga kwa mikroskopi ya elektroni. Ndani mulionekana wavu mwembamba sana.

Mu 1949 alirudi Bruxelles kuongoza Taasisi ya Jules Bordet, ya wagonjwa wa kansa. Zawadi ya Nobel ya 1974 aliigawana na George Palade na Mubelgiji mwenzake Christian de Duve. De Duve, kwa njia ileile ya kuzungusha, alikuwa amekuta lisosomu, vifuko vya seli vya kuyeyusha uchafu. Hii inatugusa: seli za mapafu zinameza vumbi la mawe, vumbi linapasua vile vifuko, seli inakufwa, na pafu linaanza kuwa na makovu.

Claude alifwa ku Bruxelles mu 1983. Dawa ya kansa iliyomuua mama yake hakuipata.