Dkt Lukwiya: Tabibu aliyeikabili Ebola hadi mauti

DAKTARI Matthew Lukwiya, mzaliwa wa Kitgum, kaskazini mwa Uganda, alijiunga na Hospitali ya St Mary's Lacor, Gulu, mwaka wa 1983 akiwa mwanagenzi. Waasi walipovamia kuwateka watawa mwaka wa 1989, alijitoa achukuliwe yeye, akazuiliwa kwa wiki moja.

Oktoba 2000 alikuwa masomoni Makerere wauguzi wanafunzi wa Lacor walipoanza kufa kwa maradhi yasiyojulikana. Alirejea mbio, akazipekua faili za wagonjwa na kushuku Ebola. Bila kungoja majibu ya maabara, alitenga wodi na kuwavisha wahudumu mavazi ya kujikinga. Uchunguzi uliofanyiwa Afrika Kusini ulithibitisha shaka yake.

Wauguzi walipoingiwa na hofu baada ya wenzao kufariki, aliwaruhusu kuondoka ila yeye akaapa kubaki. Wengi walibaki naye.

Aliambukizwa Novemba, akafariki Desemba 5, akiwa na umri wa miaka 43. Alizikwa hospitalini kando ya mwasisi mwenza wake, Dkt Lucille Teasdale, aliyefariki mwaka wa 1996 baada ya kuambukizwa virusi vya Ukimwi akipasua wagonjwa.

Mlipuko huo uliambukiza watu 425 na kuua 224 kabla ya kutangazwa kumalizika Februari 2001.