Mcha Mungu si Mtovu: Maisha ya Daktari Krapf

Ndugu msomaji, hebu tuanze na swali. Ukisikia jina la Krapf unakumbuka nini? Wengi wetu tutajibu kama tulivyofunzwa darasani: Mzungu wa kwanza kuuona Mlima Kenya. Mtihani ukiisha tunamsahau. Lakini mtu huyu aliishi papa hapa kisiwani Mvita, na maisha yake yanatufunza jambo kuhusu kumcha Mungu, si Jumapili peke yake bali kila uchao.

Utotoni

Johann Ludwig Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, Ujerumani. Babake alikuwa mkulima. Alipokuwa na miaka 11 hivi, jirani mmoja alimdhania kuwa mtoto mwingine aliyemkosea, akampiga vibaya hata akawa mgonjwa kwa miezi. Kitanda kile kikawa darasa lake: alishinda akisoma Biblia. Alipokua alisomea umisionari huko Basel, Uswisi. Mwaka 1837 alitumwa Uhabeshi na chama cha Church Missionary Society cha Uingereza, akakaa miaka kadhaa mpaka milango ikafungwa.

Mwaka wa majonzi

Mwaka 1844 Krapf alifika Mombasa pamoja na mkewe Rosine. Mkononi alikuwa na barua ya Sayyid Said, Sultani wa Zanzibar. Hakungoja. Alianza kujifunza Kiswahili kwa wenyeji, na tarehe 8 Juni akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo. Aliyemsaidia alikuwa Sheikh Ali, kadhi wa Mombasa wakati ule. Fikiria, msomaji: mmisionari na kadhi wameketi pamoja wakitafuta neno la Kiswahili litakalofaa! Kila mmoja alibaki na dini yake, lakini wote wawili walijua kwamba maneno yale hayachezewi.

Kumbe msiba ulikuwa mlangoni. Mwezi wa Julai homa iliwashika wote. Rosine, aliyekuwa amejifungua mtoto wa kike, alifariki tarehe 13. Siku chache baadaye mtoto naye akamfuata. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kwa homa. Walizikwa ng'ambo ya pili, upande wa bara, na kaburi la Rosine liko Nyali hadi leo.

Hapa ndipo methali yetu inapotiwa majaribuni. Wahenga walisema mcha Mungu si mtovu, yaani hakosi. Sasa huyu aliyekosa mke na mtoto kwa wiki moja tuseme hakumcha Mungu? La hasha! Wengi wetu tunakosea hapa. Tunasali kabla ya mtihani kana kwamba sala ni nauli: nikilipa, nifikishwe ninakotaka. Nisipofika, naacha kusali. Krapf hakupata alichotaka, na wala hakuacha. Alipopata nafuu alirudia kalamu yake na ile tafsiri. Alichokuwa nacho hakikuondoka na homa, nacho ni sababu ya kuamka asubuhi na kufanya kazi aliyoamini amepewa na Mola wake.

Rabai

Mwaka 1846 alikuja mwenzake, Johannes Rebmann, na wote wawili wakahamia Rabai baada ya kukubaliwa na wazee wa kaya. Usidhani watu walimiminika kanisani. Miaka ilipita na waumini walihesabika kwa vidole. Mmoja wa wale wa mwanzo alikuwa mlemavu aitwaye Mringe. Tarehe 3 Desemba 1849, akiwa Ukambani, Krapf aliuona Mlima Kenya. Habari za theluji karibu na ikweta zilipofika Ulaya, wataalamu wengine walizikejeli. Baadaye ikabainika kuwa zilikuwa kweli.

Tusimfanye malaika lakini. Mila nyingi za wenyeji alizidharau bila kuzielewa vizuri. Alikuwa pia na ndoto ya kupanga vituo vya misheni kuvuka Afrika nzima, ndoto ambayo yeye hakuitimiza, na juu ya mipango hiyo hakupatana na Rebmann. Kumcha Mungu hakumwondolei mtu kasoro zake zote.

Kazi ya mikono yake

Kwa sisi wa Chama cha Kiswahili, Krapf ana deni letu. Mwaka 1850 alichapisha kitabu cha sarufi ya Kiswahili. Mwaka 1854 hati za tenzi za kale alizokusanya ziliwekwa katika maktaba huko Halle, Ujerumani, nazo zikahifadhika. Kamusi yake ilitoka mwaka 1882, na ndani yake mna maneno mengi ya Kimvita. Ati leo Kiswahili sanifu kimejengwa juu ya Kiunguja? Sawa, lakini maneno ya babu zetu yamo mle!

Afya ilimlazimu kuondoka mwaka 1853, ingawa mwaka 1862 alirudi kwa muda kuwasaidia Wamethodisti walioanza kazi Ribe. Alifariki Korntal, Ujerumani, mwezi wa Novemba 1881. Kamusi ilikuwa bado haijatoka. Walipoingia chumbani mwake walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, amekata roho akisali.

Na sisi je?

Wanafunzi wenzangu, neno kucha si kuogopa kama uogopavyo fimbo. Ni hofu yenye heshima ndani yake. Mwenye hofu ya fimbo huacha kuibia mtihani mwalimu anapomtazama tu. Mwenye kumcha Mungu haibi hata mwalimu akitoka nje. Krapf hakuzuka na magoti yale usiku mmoja. Aliyazoeza tangu utotoni, siku za raha na siku za msiba. Nasi tuanze na madogo: kusema kweli, kumaliza kazi tuliyopewa, kuheshimu sala ya jirani hata kama si yetu, na kusali siku ambayo hatuna la kuomba. Haba na haba hujaza kibaba.