Hasira Zilivyomponza Tabibu wa Vienna

Dada yangu alifariki siku chache baada ya kujifungua, nami ningali mwalimu kijana. Matangani tuligawanyika mafungu mawili. Wengine walilia tu. Wengine, nami nikiwa miongoni mwao, tulitaka kwenda kumtukana tabibu. Hapana hata mmoja aliyeuliza marehemu alikufa kwa sababu gani. Miaka mingi baadaye nilisoma maisha ya Ignaz Semmelweis, nikaona haya.

Semmelweis alizaliwa Buda, nchini Hungaria, mwaka wa 1818. Alikwenda Vienna kusomea sheria, akaiacha, akashika utabibu. Mwaka wa 1846 akawa msaidizi katika wodi ya kwanza ya wazazi ya hospitali kuu ya mji huo. Huko alikuta msiba usiokoma. Katika wodi hiyo, walimofunzwa matabibu, homa ya uzazi iliua takriban mama 10 katika kila 100. Katika wodi ya pili, walimofunzwa wakunga, waliokufa hawakufika nusu ya idadi hiyo. Wanawake wenyewe waliijua tofauti, wakawa wakisihi kwa machozi wasilazwe katika ile ya kwanza.

Vifo hivyo vilimnyima raha, lakini hakuishia kusikitika. Alizihesabu takwimu na kupima dhana moja baada ya nyingine. Je, ni msongamano? Wodi ya pili ilisongamana zaidi. Je, ni jinsi mama alivyolazwa akijifungua? Alibadili, vifo visipungue. Je, ni hofu ya kengele ya padri aliyepita kuwahudumia mahututi? Alimwomba padri apite njia nyingine bila kengele. Wapi!

Mwezi Machi 1847 alirejea kutoka Venice, akapokewa na habari kwamba rafiki yake, Profesa Jakob Kolletschka, amefariki. Alikuwa amechomwa na kisu cha mwanafunzi walipokuwa wakipasua maiti. Semmelweis alihuzunika mno. Hata hivyo, katika huzuni hiyo aliisoma taarifa ya uchunguzi wa mwili wa rafiki yake, akaona dalili zile zile alizoziona kwa akina mama. Ndipo alipotambua kwamba matabibu walitoka chumba cha maiti wakaenda moja kwa moja kuwazalisha wanawake, mikononi wamebeba mauti. Wakunga hawakupasua maiti. Ukweli huu ulimchoma, kwani yeye mwenyewe alikuwa mpasuaji hodari wa maiti. Hakujificha, alikiri kuwa naye ni miongoni mwa walioua.

Mwezi Mei aliamuru kila mmoja anawe kwa maji yaliyotiwa chokaa ya klorini. Aprili walikuwa wamekufa mama 18 katika kila 100. Katika mwaka wa 1848 hawakufika wawili.

Laiti kisa kingekomea hapo! Wakubwa wengi wa taaluma walimkataa, na sayansi ya vijidudu ilikuwa bado haijakomaa kumtetea. Naye, badala ya kuandika ushahidi wake upesi, alinyamaza kwa uchungu. Mwaka wa 1850 aliondoka Vienna ghafla, hata rafiki waliompigania asiwaage. Kitabu chake kilitoka 1861. Kilipopingwa, alichapisha barua za wazi akiwaita maprofesa wauaji. Mwaka wa 1865 alipelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili, akapigwa na walinzi, na tarehe 13 Agosti akafa kwa jeraha lililooza, akiwa na umri wa miaka 47. Mwezi uo huo, huko Glasgow, Joseph Lister alianza kutibu vidonda kwa asidi ya kaboliki.

Sidai kwamba upole ungaliwageuza wapinzani wote. Kiburi chao kilikuwa kikubwa. Nisemalo ni kwamba uchungu wa Semmelweis ulipomtuma kuhesabu na kuchunguza, uliokoa roho nyingi. Ulipomtuma kutukana, haukuokoa hata moja. Wahenga hawakukosea waliponena kuwa hasira hasara.

Walimu wenzangu, nanyi wanafunzi, msiba ukitufika tusione aibu kulia. Ila machozi yakikauka, tuulize kilichotokea, tuandike, tupime. Sisi hatukuuliza. Hadi leo sijui dada yangu alikufa kwa nini, wala sijui ni mama wangapi waliomfuata katika wodi ile.